Barua Pepe Ilisema Nini Kuhusu Paa? Jibu kwa Msomaji wa Lamu

*"Assalamu alaikum, mwalimu. Nafanya kazi katika ofisi ndogo hapa Lamu inayosimamia nyumba za wageni kule Shela. Meneja wetu ni Mwingereza, na mwenye nyumba mojawapo ni Mmarekani anayeishi kwao. Mwezi uliopita, kuhusu paa la makuti lililochakaa, mwenye nyumba aliniandikia hivi: 'Let's table the roof for this season.' Nikaelewa kwamba anataka jambo la paa liletwe mbele lifanywe msimu huu, kwa kuwa hata katika habari za bunge letu neno hilo ni kuwasilisha. Meneja alikuwa safarini, nikampa fundi arubuni, na makuti yakaletwa kwa mashua hadi gatini. Kumbe mwenye nyumba alitaka tuahirishe. Sasa nimepewa barua nijieleze kwa nini nisichukuliwe hatua, na nasikia fedha zile huenda zikakatwa kwenye mshahara wangu. Si mara ya kwanza kukwama. Meneja aliwahi kuniambia 'You might want to have another look at the figures', nami sikuziangalia kwa kuwa nilidhani ni hiari yangu. Ripoti yangu alipoiita 'quite good' nilifurahi, mwenzangu akanicheka. Kidato cha nne nilipata alama nzuri za Kiingereza. Mwenzangu anasema ninunue kitabu cha misemo ya Kiingereza niihifadhi yote. Je, hiyo ndiyo dawa?"*

Waalaykumu salaam. Unauliza kama dawa ni kuhifadhi misemo, lakini chini ya swali hilo naisoma hofu nyingine: kwamba Kiingereza ulichofaulu shuleni hakitoshi ofisini, na kwamba iko siku neno dogo litakumwagisha unga. Hofu hiyo naielewa, ila imejengwa juu ya msingi usio sahihi. Neno lililokuponza hukulikosea. Ulilielewa kama linavyoeleweka Kenya na Uingereza, ambako ku-"table" jambo ni kuliwasilisha lijadiliwe. Marekani neno hilo hilo humaanisha kuliweka jambo kando, pengine lisiguswe tena. Ulisoma sawasawa sentensi iliyoandikwa kwa Kiingereza cha nchi nyingine. Winston Churchill aliandika baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwamba maofisa wa Uingereza na wa Marekani waliwahi kubishana kwa muda mrefu, tena kwa ukali, juu ya neno hilo hilo, upande mmoja ukitaka waraka u-"table"-iwe kwa sababu ni wa haraka na upande wa pili ukikataa kwa sababu hiyo hiyo, mpaka walipogundua kwamba wote walikuwa wakitaka jambo moja. Hao ni watu waliozaliwa ndani ya lugha yenyewe, kwa hiyo usijihukumu kwa alama za kidato cha nne.

Pamoja na hayo kosa lilitokea, na ni vyema tulione lilipo. Lilipatikana kati ya kusoma na kulipa, pale ambapo fedha zilitoka kwa nguvu ya sentensi moja ambayo hakuna aliyeithibitisha. Nitalirudia jambo hilo baada ya kueleza misemo inavyofanya kazi, maana usipolifahamu hilo utatumia fedha na muda kununua dawa ya ugonjwa usio wako.

Mtu aliyezaliwa ndani ya lugha hauchambui msemo neno kwa neno. Huupokea ukiwa donge zima. Sisi tukisikia kwamba fulani amepigwa kalamu, hakuna anayefikiria kalamu wala kipigo. Tunajua kazi imekwisha, na tunaanza kuuliza watoto wake watakula nini. Mgeni aliyejifunza Kiswahili vitabuni atasimama hapo, atakunja uso, kisha atauliza kama mtu huyo ameumia. Kusimama huko ndiko kunakomwokoa, kwa sababu msemo ambao hauleti maana yoyote ukisomwa neno kwa neno humwonya msomaji kwamba kuna jambo limejificha. Ndivyo ilivyo kwako ukikutana na "touch base", "ballpark figure" au "step up to the plate". Yote matatu yametoka katika mchezo wa besiboli, ambao Lamu hauchezwi, na unapoyaona unatambua papo hapo kwamba hujaelewa. Unauliza, unaambiwa kwamba la kwanza ni kuwasiliana kwa kifupi, la pili ni makadirio ya juu juu na la tatu ni kujitokeza kubeba jukumu, na kazi inaendelea bila madhara.

Hatari iko kwenye maneno mepesi, yale uliyofundishwa darasa la nne. "Table", "quite", "might", "soon" na "next" hayakuonyi, kwa sababu kila moja linaleta maana kamili isiyo ile aliyoikusudia mwandishi. Hebu yatazame tena matukio yako matatu: hakuna hata moja ambalo kitabu cha misemo kingekuzuilia. Vitabu hivyo hukusanya vitu vya ajabu ajabu kwa sababu ndivyo vinavyouza. Mwingereza anayesema kunanyesha paka na mbwa, yaani mvua kubwa, utamsikia vitabuni mara nyingi kuliko ofisini.

Niongeze kidogo, kwa kuwa unaandika kutoka Lamu, kwamba sehemu ya misemo inayowatisha vijana wetu ilitoka kwa mabaharia. "Taken aback", inayosemwa mtu akipigwa na mshangao, ilikuwa habari ya tanga linalopigwa na upepo wa mbele likagandamana na mlingoti, chombo kikasimama. "Learn the ropes", yaani kujifunza kazi, ni kuzijua kamba za chombo. Nahodha wa jahazi angeyafahamu hayo upesi kuliko karani wa London anayeyatumia kila siku bila kujua yalikotoka.

Sasa nije kwa meneja wako na ile "you might want to". Kila lugha ina pahali pake pa kuhifadhi adabu. Sisi wa pwani huiweka mbele ya shauri: tunasalimiana, tunaulizana habari za nyumbani, za wazee na za mgonjwa kama yupo, na tukishamaliza tunaweza kusema jambo lenyewe kavu kavu, "nitumie zile hesabu leo", na asiwepo wa kuudhika, kwa kuwa heshima imekwisha kutolewa. Kiingereza cha ofisini, hasa cha Waingereza, huiweka adabu ndani ya kitenzi chenyewe. Salamu huwa fupi au haipo kabisa, kisha amri huvishwa nguo ya ombi, ombi likavishwa nguo ya dhana, na dhana ikageuzwa kuwa hiari ya anayeambiwa. "You might want to", "perhaps you could", "I was wondering if" zikitoka kwa mkubwa wako wa kazi zina uzito wa "fanya". Yeye anaona amekuheshimu kwa kukuachia mlango. Wewe unaona mlango na kudhani uko huru kupita au kutopita. Na kinyume chake hutokea kila siku: barua yako ikianza na mistari mitano ya salamu na kumalizia na "Send me the money today", yeye huiona salamu kuwa ndefu bila sababu na ombi kuwa la ukali. Hapo hakuna mkosefu wa adabu. Kila mmoja ameiweka pahali ambapo mwenzake haitafuti.

Nakupa kipimo ninachokitegemea. Sentensi ya namna hiyo ikitoka kwa mtu mwenye mamlaka juu ya kazi yako, na ikitaja kazi iliyo mikononi mwako, ichukulie kuwa ni agizo. Isipotaja siku, uliza siku. "When you get a chance" ndiyo inayonitatiza mimi mwenyewe mpaka leo, kwa sababu kwa mmoja ni leo kabla ya kufunga na kwa mwingine ni wiki ijayo, na hakuna sarufi itakayokuambia ni ipi.

"Quite" ina mambo yake. Mmarekani akisema "quite good" kwa kawaida anasifu. Mwingereza akisema hivyo mara nyingi anapunguza, yaani inafaa, ila nilitarajia zaidi. Mwingereza huyo huyo akisema "quite finished" anamaanisha imekwisha kabisa, kwa kuwa kumaliza hakuna daraja za katikati. Sauti na uso pia vina neno. Usiifanye kuwa sheria ya kukuharibia siku. Ukiisikia tena, uliza kwa upole ni sehemu gani ya ripoti ungeongezea nguvu. Swali hilo litakupa jibu la kazi, na halitakufanya uonekane mshamba hata kidogo.

Kuhusu dawa, kitabu cha misemo hakina ubaya kama burudani, na kusoma magazeti na vitabu vya Kiingereza kwa mazoea kutakusaidia zaidi kuliko orodha, kwa sababu utaukuta msemo ukiwa kazini pamoja na majirani zake. Daftari dogo la maneno ambayo meneja wako na wenye nyumba hao huyatumia mara kwa mara ni bora kuliko vyote viwili, maana watu huwa na misemo michache wanayoirudia. Programu za kutafsiri za kwenye simu zinaimudu misemo maarufu vizuri siku hizi, lakini hazijui kwamba anayekuandikia "table" ni Mmarekani, na zitachagua maana moja bila kukuonya kwamba ipo nyingine. Kumwuliza mwenzako kuna faida yake, ilimradi ujue kwamba naye pengine anakisia, na kwamba barua za wenye nyumba kuhusu fedha si za kuzungushwa meza kwa meza.

Lipo kosa moja zaidi ambalo vijana wengi hulifanya wakishaihifadhi misemo, nalo ni kuitumia. Barua kwa fundi, kwa mgeni Mtaliano anayeshukia Malindi au kwa mwenye nyumba Mjerumani, ikijaa misemo ya Kiingereza, humpa mzigo mtu ambaye naye alikipata Kiingereza darasani kama wewe. Ijue misemo kwa ajili ya kusikia. Kwa kuandika, maneno ya kawaida yanatosha.

Wapo watu waliolazimika kulitatua tatizo lako kwa sababu gharama yake ilikuwa roho za watu. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca iliyotoka Kolombia ilianguka karibu na New York baada ya kuzungushwa angani zaidi ya saa moja ikingoja zamu ya kutua. Msaidizi wa rubani aliwaambia waongozaji kwamba mafuta yanawaishia, lakini hakutamka neno rasmi la dharura, ambalo lingewafanya waipe ndege hiyo njia mbele ya nyingine zote. Aliyesema aliamini amesema, na waliosikia waliamini wamesikia taarifa ya kawaida. Watu 73 walikufa. Kabla ya hapo, mwaka 1977, ndege mbili ziligongana katika uwanja wa Tenerife na kuua watu 583, na miongoni mwa sababu zilikuwemo maneno ya redioni yaliyoweza kufahamika kwa njia mbili. Baada ya ajali ile, neno "take-off" lilifungiwa kazi moja tu, yaani kutoa au kufuta ruhusa ya kuruka. Baharini nako, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini lilipitisha mwaka 2001 orodha ya maneno sanifu ya kutumiwa na meli. Katika marekebisho hayo yote hakuna rubani wala nahodha aliyeambiwa akahifadhi misemo. Waliambiwa waseme kwa maneno machache yasiyo na maana mbili, na anayepokea agizo alirudie kwa sauti kabla ya kulitenda.

Kurudia agizo ndiko nilikosema nitakurudia. Kila agizo linalogusa fedha, tarehe, mtu anayesafiri au usalama, lirudishe kwa aliyelitoa kwa maneno yako mwenyewe, kisha ungoje. Kwa lile paa, ungeandika hivi: "I understand that you want the roof left as it is this season. I will not order makuti or pay the fundi until I hear from you. Please confirm." Au, kwa namna ulivyoelewa wewe: "I understand that you want the new roof done this season. I will pay the fundi a deposit on Monday. Please confirm." Barua yoyote kati ya hizo mbili ingeufichua mgongano siku hiyo hiyo, hata ile iliyokosea. Tazama kwamba neno "table" halimo katika yoyote. Ungejibu "OK, we will table the roof", nyote wawili mngeridhika na kosa lingebaki palepale, kwa hiyo kurudia neno la mwenzako hakuthibitishi chochote.

Ukiwa huna hakika, usiulize "What do you mean?" peke yake, kwa kuwa inaweza kusikika kama lawama, tena humfanya mwandishi arudie maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Mpe njia mbili achague: kazi ifanywe msimu huu, au iachwe mpaka ujao? Asipojibu, usihesabu ukimya wake kuwa ni ruhusa ya kutoa fedha. Ulipo mchana Lamu, Marekani wengi wamelala, na arubuni ya makuti inaweza kungoja siku mbili.

Ukirudia maagizo namna hiyo, mkubwa wako naye ataanza kuandika vizuri zaidi bila kufundishwa. Kumwambia aache misemo hakusaidii sana kwa sababu haisikii akiitamka. Ni rahisi zaidi kupendekeza utaratibu wa ofisi: agizo la malipo litaje kazi gani, nani ataifanya, lini, na fedha zisizidi kiasi gani. Pendekezo la utaratibu halimshitaki mtu.

Na sisi pia tuna yetu. Kijana wetu akiondoka mezani na kumwambia mgeni "I'm coming", mgeni hubaki ameduwaa, maana anamwona anakwenda. "Boti inakuja sasa hivi" inaweza kuwa dakika tano au baada ya swala. Inshallah tunaisema kwa imani, lakini mgeni asiyeizoea hajui kama amepewa ahadi au amenyimwa kwa upole, kwa hiyo iseme na uifuatishe na saa.

Saa yenyewe ndiyo inayowaacha watu uwanja wa ndege wa Manda. Mwingereza akiandika "half ten" ni saa nne na nusu. Ukimtumia nahodha wa boti tarakimu 10 bila maelezo, unamwachia akisie saa kumi ya alasiri. Kwa mgeni andika 10:30, kwa nahodha andika saa nne na nusu asubuhi, na usimtumie mmoja ujumbe wa mwingine. Tarehe nazo ziandikwe kwa jina la mwezi: 4/3 kwa Mmarekani ni tarehe tatu Aprili, na kwetu ni tarehe nne Machi.

Utahitaji mwalimu wa ana kwa ana iwapo unasoma ukurasa mzima usio na misemo na bado maana inakuponyoka, au iwapo maandishi unayaelewa lakini mazungumzo ya simu yanakupotea. La pili ni suala la mazoezi ya sikio zaidi kuliko msamiati, na hadi utakapolizoea unayo haki ya kuomba maagizo ya simu yafuatishwe na ujumbe wa maandishi. Kwa ulivyoniandikia, sidhani kama la kwanza linakuhusu.

Jambo la haraka ni barua ya kujieleza, nayo ijibu ndani ya muda uliopewa. Isiwe ndefu, na isiwe ya kuomba huruma. Ambatisha barua pepe ya mwenye nyumba kama ilivyo, eleza kwamba neno lile Kenya na Uingereza lina maana uliyoifuata, taja siku uliyompa fundi fedha na kiasi chake, ukiri kwamba hukuthibitisha kabla ya kulipa, na useme utaratibu utakaoufuata kuanzia sasa. Kabla ya kuipeleka, muulize fundi kama makuti yanaweza kurudishwa au kutumiwa kwenye nyumba nyingine mnayoisimamia, kisha uliandike jibu lake humo. Kama unajieleza vizuri zaidi kwa Kiswahili, iandike kwa Kiswahili na uambatishe tafsiri. Katiba ya mwaka 2010 imezifanya lugha zote mbili kuwa rasmi, na ingawa hilo haliifungi ofisi binafsi katika barua zake za kila siku, si jambo la kuonea haya.

Ikiwa watakuita kikaoni, fahamu kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji hafifu amweleze sababu katika lugha anayoielewa, na mfanyakazi huyo ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi anayemchagua. Kifungu cha 9 nacho kinataka mkataba uelezwe kwa lugha anayoielewa mfanyakazi iwapo ile iliyotumika haielewi. Kama u mwanachama wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa majumbani na wa hoteli, zungumza na mwakilishi wao mapema. Na kuhusu kukatwa mshahara, sheria imeweka mipaka ya kile ambacho mwajiri anaweza kukata na kwa sababu gani, na jibu linategemea pia mkataba wako unasemaje juu ya kushika fedha za ofisi. Mimi ni mwalimu wa lugha, si wakili. Chukua mkataba wako, barua uliyopewa na zile barua pepe, umwone afisa wa kazi kabla hujatia sahihi karatasi yoyote inayosema umekubali kulipa.